Njia ya Nyuma ya Kanisa

Katika teksi ya Majengo, Séraphine aliwasikia kijana na mama mmoja mbele yake wakibishana. Kijana alikuwa ametengeneza ramani ya simu, wazi kwa kila mtu, inayoonyesha njia za kutorokea volkano ikilipuka tena.

"Hata ile ya nyuma ya kanisa letu?" yule mama akauliza.

"Iko, mama. Mu vita iliokoa watu."

"Iliokoa kwa sababu hakuna askari mwenye aliijua. Ifute!"

"Na lava ikishuka, watu wapite wapi?"

Séraphine, aliyewahi kupita huko na watoto mgongoni, alitazama nje kama asiyesikia.

Kwenye bariyeri teksi ikasimama. Askari akainamia dirisha, simu yake ikiwaka mkononi.

"Shofere, hii njia ya nyuma ya kanisa, gari yetu ya jipu inapita?"