Tunamuaga Mzee Hapana Shaka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji, Ndugu Mganga Mkuu wa hospitali yetu mpya, wafanyakazi wenzangu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, Mama, mke wa Profesa, uliyetuazima mume wako miaka yote hii, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Nimepewa nafasi ya kumuaga mwalimu wangu, anayestaafu leo na kuniachia kiti chake cha ukuu wa kituo. Profesa, usinikazie macho hivyo. Hotuba hii hukuipitia, na kalamu nyekundu umekwisha kuirudisha stoo.

Wanafunzi tulimwita Mzee Hapana Shaka. Mlima wetu umelala, hapana shaka. Mvua itanyesha, hapana shaka. Hata kwenye harusi yangu alisimama akasema tutapata mapacha, hapana shaka. Mume wangu yule pale, bado anawasubiri.

Baraza lilipotaka kujenga hospitali kule bondeni, lilimuuliza yeye kwanza, naye akasema jengeni. Lakini sheria ilidai jopo zima la wataalamu likadirie uwezekano wa mlipuko mkubwa kabisa, ule unaoshusha majivu ya moto bondeni kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kukimbia, unaoangusha mapaa kwa majivu yaliyolowa, na kufifisha jua mpaka mavuno yakakosekana hata nchi za mbali. Milipuko ya namna hiyo ni adimu mno. Sasa, utamwaminije anayekadiria jambo ambalo hajawahi kuliona?

Tulianza kwa kujipima wenyewe. Kila mtaalamu alipewa maswali kuhusu milipuko ya zamani ya kwingineko, ambayo majibu yake yanajulikana: majivu yalirundikana kina gani, moto ulifika umbali gani. Ulitakiwa kutaja namba ya chini na ya juu, ambazo una hakika jibu liko katikati yake. Anayejua ujuzi wake unakomea wapi, kauli yake inaongezewa uzito. Anayejiamini kupita kiasi, yake inapunguzwa.

Mnajua nani alishika mkia? Profesa alizibana namba zake zikakaribiana kabisa, na karibu kila jibu likaangukia nje. Kauli yake ilipopunguzwa, makadirio ya jopo yalipanda, na bonde likawa si mahali pa kulaza wagonjwa. Mimi ndiye niliyepaswa kumpelekea matokeo ayatie saini. Niliogopa, nasema kweli. Bila saini hiyo taarifa isingefika barazani, na angeamua kuikalia, nani angemuuliza?

Aliisoma amesimama dirishani, akairudia mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akaniambia, "Binti, watu wangelazwa pale kwa sababu ya neno langu. Lete kalamu."

Hakuishia hapo. Alikwenda mwenyewe redioni kuwaeleza wananchi kwamba amekosea, kwamba hospitali ihamie huku kwenye mwinuko, ng'ambo ya mto, na paa lake liwe na mteremko mkali ili majivu yateleze. Wapo waliomcheka, wapo waliosema mzee amechoka. Mimi nilikuwa studio nimekaa pembeni yake, na sijawahi kujivunia mtu kiasi kile.

Mama mmoja alipiga simu akauliza, "Sasa Profesa, huo mlima utalipuka lini?"

Akajibu, "Sijui, mama. Huenda hata wajukuu wa wajukuu zako wasiuone ukilipuka. Lakini siku utakapolipuka, hospitali itakuwa imesimama."

Mabibi na mabwana, ukumbi huu mlimokaa ni wa hospitali hiyo. Wodi ya wazazi iko juu ya vichwa vyenu, na leo asubuhi amezaliwa mtoto wa kwanza. Profesa, imesimama.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza.