Macho Makavu ya Paskazia

Sogeeni, wanangu. Nkwabi, kaa upande wa sikio linalosikia. Na wewe Hellen, mlaze mtoto hapa miguuni pangu utulie, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Nyumba hii ya Nyakato ni yenu nyote wawili, na shamba la mpunga la Magu mtalilima kwa zamu bila kugombana. Lakini chumba cha uani ni cha mama yenu mdogo Paskazia mpaka Mungu amchukue. Najua mmeshapanga aondoke nikishazikwa. Kuta hizi ni nyembamba. Basi sikilizeni kwanza.

Mdogo wangu aliolewa Magu na Chenge, akazaa, na watoto wake wote wakafa wangali wachanga. Kisha mtoto wa shemeji yake, aliyekuwa akishinda mgongoni kwake, naye akafa kwa homa. Msibani wanawake waligaagaa chini. Paskazia akasimama kando ya maiti, kimya, macho makavu. Watu wakasema aliyemwua mtoto hana machozi ya kumlilia. Matanga hayajaanuliwa, nyumba yake ikachomwa moto, na Chenge, mume wake wa ndoa, akatazama asiseme neno. Paskazia akaja kwangu na nguo alizovaa.

Kila mtu aliyajua mawazo yake, wanangu, na hakuna aliyemuuliza. Moyo wa mtu ni msitu wa giza, lakini wao waliingia bila taa wakatoka wakisema wamemwona chui. Mimi nilimuuliza, tukiwa tunamenya karanga. Alimaliza kumenya zilizokuwa mkononi. Kisha akasema, "Dada, nilikuwa namtazama kifuani. Niliona kama kinapanda. Niliogopa nikilia watamzika."

Hellen, usilie kwanza. Juzi ulipomkuta ameinama juu ya mwanao Gladness, amemwekea kiganja puani, ukampokonya mtoto na kumwita jina ambalo sitalitamka, sasa unajua alikuwa akitafuta nini. Tangu siku hiyo amejifungia, chakula kinarudi kama kilivyokwenda. Kamwombe radhi, mimi miguu imekataa kunifikisha.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Nkwabi, umeapa kwamba Chenge akikanyaga msibani kwangu utamtoa kwa fimbo. Weka fimbo chini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimemchukia miaka yote kwa ule ukimya wake, na hadi leo sijui ndani yake mlikuwa na nini, woga, au aibu, au kitu nisichokuwa na jina lake. Mpeni kiti. Mpeni chakula. Kisha mwulizeni, nanyi mnyamaze mpaka ajibu, hata kama jibu litawauma.

Nizikeni Magu, ubavuni pa baba yenu. Mungu awape subira ya kusikilizana... awafunike, ninyi na watoto wenu.

Hellen, inuka, mwanangu. Nenda uani. Gonga taratibu, umwambie... dada yake anamwita. Mwambie aje... nimshike mkono.