Hakustaafu: Maisha ya Bibi Aliyeuza Magari kwa Bei ya Kiooni

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza Bibi yetu, asanteni kwa kuja. Kabla hatujaanza pale unapoanzia wasifu wowote, yaani kuzaliwa, kuna neno moja lililoigawa familia juma zima. Je, isemwe kwamba Bibi alistaafu kazi, au kwamba alifukuzwa? Shada kubwa mlilolipita mlangoni limeletwa na duka la magari alikofanya kazi, na utepe wake unasema, "Kwa mfanyakazi wetu aliyestaafu." Shada ni zuri, tunashukuru. Maneno ya utepe si ya kweli.

Bibi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kutembea lakini hakuchelewa kusema, na neno lake la kwanza lilikuwa "sitaki".

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1969. Kwenye hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Kwenye ushonaji, binti huyu wa fundi cherehani alipata sifuri, na baba yake alicheka mpaka akajichoma sindano. Mwaka uliofuata alisomea kupiga chapa.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa kama mpiga chapa katika duka la magari mapya la barabara kuu. Wengi wenu mnalifahamu: ukumbi wa vioo mbele, sakafu inayoteleza, magari yaliyong'arishwa mpaka mtu anajiona meno, na karakana nyuma. Siku moja muuzaji aliugua, Bibi akaombwa akae tu na wateja asije akawaacha waondoke. Hakukaa nao tu. Aliuza magari mawili kabla ya chakula cha mchana, na mashine ya chapa hakuirudia tena.

Cha ajabu, mwenyewe kuendesha gari alikuwa wa hivihivi. Kwenda mbele alijua. Kurudi nyuma, hapana. Geti la nyumbani limenyooshwa mara ngapi, Babu ndiye anayejua. Wajukuu wakimcheka alijibu, "Mimi safari zangu ni za mbele. Huko nyuma mnaniita kufanya nini?"

Babu alikuwa fundi wa viti vya magari hapo hapo dukani. Alianza kumzungukia kwa kujifanya anataka kununua gari, yeye aliyekuwa anakuja kazini kwa baiskeli.
"Hili ni bei gani, dada?"
"Bei iko kiooni, kaka. Soma."
"Na muuzaji wake?"
"Huyo hajabandikwa bei. Jaribu kwa baba yake."
Babu alijaribu. Walifunga ndoa tarehe 21 Desemba 1974 na kujaliwa watoto watatu. Wa kwanza, wa kiume, alikulia miongoni mwa magurudumu, na alipomaliza shule akaingia karakana ya duka hilo hilo kujifunza ufundi.

Sasa tufike mwaka 1996. Mwaka huo lilitoka gari dogo la milango mitano, lililokula mafuta kwa kulamba tu, na kila mtu akalitaka. Kiwanda hakikuweza kuyatoa ya kutosha. Watu walilipa arbuni, wakaandikwa kwa zamu, wakasubiri miezi. Kila mmoja wao aliketi mbele ya meza ya Bibi, na kila mmoja Bibi alimwambia maneno yale yale: "Bei ni ile ya kiwanda, itakayobandikwa kiooni. Haitapanda. Mimi ndiye nimekuambia."

Magari matano ya kwanza yalipofika, tajiri wa duka alibandika karatasi ya pili kwenye kila kioo, chini ya ile ya kiwanda. Iliandikwa "Nyongeza ya Soko", na kiasi chake kilikuwa karibu theluthi ya bei ya gari. Bibi alimfuata ofisini.
"Mzee, hawa watu nimewapa neno."
"Neno si mkataba, mama. Asiyeweza apishe, nyuma yake kuna kumi."
"Na mimi nitawatazamaje usoni?"
"Tazama pembeni."

Jumamosi ya tarehe 18 Mei ukumbi ulijaa. Wa kwanza kwa zamu alikuwa mkunga aliyekuwa akitembelea wajawazito kwa miguu, mkoba wa kazi begani. Alizisoma karatasi zote mbili, akamgeukia Bibi.
"Dada, hii ya pili ni ya nini?"
"Hiyo ni tamaa, mama."
"Na ya kwanza?"
"Hiyo ndiyo bei."
"Sasa nilipe ipi?"
"Ulikubaliana na nani?"
"Na wewe."
"Basi lipa ya kwangu."

Mkunga akalipa. Bibi akaibandua karatasi ya pili, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akagonga kengele.

Asiyelijua duka lile aelezwe. Kando ya meza ya malipo ilitundikwa kengele ya shaba, na kanuni yake aliiweka tajiri mwenyewe, kuwakomesha wateja waliokuwa wakinunua asubuhi na kughairi jioni: kengele ikilia, gari limeuzwa, hakuna kurudi nyuma, si kwa mnunuzi wala kwa duka. Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza ili aonekane mtu wa haki. Yalikuwa ukutani kwa herufi kubwa.

Tajiri alitoka na kikombe chake cha chai, akitabasamu.
"Hongera! Limekwenda kwa ngapi?"
"Iko kiooni," alijibu Bibi.
Tajiri akatazama kioo. Tabasamu likamkauka. "Rudisha pesa zake."
Kabla Bibi hajafumbua mdomo, mzee mmoja kwenye foleni alisema, "Kengele imelia, bwana!" Mwingine akadakia, "Tumeisikia sote, mpaka walio barabarani!" Watu wakaanza kuusoma ukuta kwa sauti, kama darasa. Tajiri angefanya nini? Angeikana kanuni yake mbele ya ukumbi mzima? Alisimama pale na chai yake inapoa, na Bibi akaita, "Anayefuata!" Kengele ililia mara tano.

Ukumbi ulipobaki mtupu, tajiri alimwambia, "Usirudi hapa tena."
"Nirudi kufanya nini," alisema Bibi, "na magari yameisha?"

Alifukuzwa bila kiinua mgongo, baada ya miaka ishirini na mitano. Watu wanapenda kusema hakujali. Alijali. Nyumbani alikalia ngazi na viatu mkononi, akalia, na Babu akakaa naye. Mwanawe mkubwa alitaka kuacha kazi kwa hasira, Bibi akamkataza: "Wewe unatengeneza breki. Breki hazijaongezewa bei. Rudi kazini."

Hakuna duka lililomwajiri tena. Basi akajiajiri kuwasindikiza wanunuzi. Ukitaka gari jipya, unakwenda naye. Inasemekana wauzaji wakimwona tu anashuka, wanakimbilia vioo kubandua karatasi. Hata miaka ya karibuni, magari yalipoadimika tena na nyongeza kurudi, aliingia madukani na mkongojo wake, akauliza kwa upole, "Wanangu, hiyo ya pili mmebandika nyie au imejiotea?"

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mara kadhaa, na wodini bado aliwafundisha wauguzi namna ya kununua gari. Siku zake za mwisho aliwaita watoto wake.
"Msije mkaniandikia nilistaafu. Nilifukuzwa, na sababu isemwe."
"Mama, tajiri atakuwepo," alisema mwanawe mkubwa.
"Basi atasikia vizuri."
Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu, Babu akiwa ameushika mkono wake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja ambaye naye ameanza na "sitaki".

Tajiri, tunakuona umekaa safu ya mbele. Karibu, hujafukuzwa. Anayekusomea maneno haya ni mwana mkubwa wa Bibi, fundi wako wa breki tangu ujana wake. Ameombwa na wengi aseme "alistaafu", na karatasi ya kwanza ya wasifu huu iliyotoka kwa mchapaji ilisema hivyo. Alilifuta neno hilo kwa kalamu yake mwenyewe, akairudisha ichapwe upya. Kesho saa mbili asubuhi ataripoti karakanani kama kawaida, na wewe utaamua.

Mama yetu alifukuzwa kazi kwa kutimiza neno lake. Mungu amlaze pema, bila masharti.