Callixte Sebahire na ndege ya jeshi aliyoipimia milima

Bapapa na bamama wa Kibabi, nyamazisheni watoto kidogo. Tunayemusindikiza leo hakuwa muntu wa kutajwa mbio-mbio.

Callixte Sebahire alizaliwa hapa Kibabi, katika territoire ya Masisi, tarehe 12 Machi 1936, mutoto wa tatu wa Papa Karangwa na Mama Nyiramana, walimaji wa maharagi na muhogo. Alizaliwa na mikono mikubwa. Wanaosema aliitoa kwa baba yake wanajidanganya. Ni mikono ya upande wa mama, upande wa mujomba wake Raphaël anayewasomea hapa, na anayebisha akuje kuiangalia karibu.

Alisoma primere ya misheni toka 1944 mpaka 1950. Kwa calcul, kwa hesabu, alikuwa wa kwanza. Kwa katekismu, tusiseme, leo si siku ya kumushitaki muntu. Kisha akajifunza useremala, akatoka na diplome, randa na musumeno wake mwenyewe.

Mwaka 1957 alishuka Walikale, kule kwenye pori, kutengeneza milango na meza za biro za serikali. Dimanche tarehe 14 Oktoba 1962, ndege ya jeshi ikatua kule. Watu wote walikimbia kuangalia. Callixte yeye alikimbia kupima. Akatembea pembeni yake toka pua mpaka mukia, pole-pole, kama anapima shamba, mpaka askari mumoja akamushika bega.

"We, unatafuta nini hapa?"

"Natafuta urefu, chef."

Askari walicheka, wakamuacha.

Akachukua mbao nyepesi, akaanza kuchonga. Kila hatua aliyotembea ikawa kidole kimoja cha mbao. Lakini hakuchonga ile ndege aliyoiona. Alichonga ile ambayo jeshi lingekuwa nayo kama lingemuuliza kwanza muntu wa Masisi: injini ine, mabawa mapana ya kupita juu ya milima, na nyuma mulango mukubwa wa kuingiza mugonjwa pamoja na kitanda chake. Mbele akaweka bunduki moja, "juu jeshi bila bunduki litasikia haya." Ubavuni akapaka jani la maharagi, rangi ya kijani.

Na muguu wa mbele akaufanya murefu sana kuliko ya nyuma. Maseremala wenzake wa Walikale waliiweka mezani, ikakalia mukia kama kuku anayetaga. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Callixte hakuelewa wanacheka nini.

Mei 1963 alirudi kuomba muke: Adelaïde, binti ya Papa Léonard Hakorimana. Muzee alikuwa amesikia habari. Akasema mbele ya watu kwamba mwanaume wa miaka makumi mbili na saba anayechonga vitu vya kucheza hatamupata binti yake. Adelaïde alimutumia Callixte neno moja: "Baba akikatala leo, ananipa yule kijana wa Rutshuru. Ukuje umejipanga."

Desturi munaijua. Siku ya kuomba, musemaji njo anajibu maulizo yote, na kijana hafungui kinywa. Musemaji alikuwa mujomba Raphaël, na Masisi muzima haujaona musemaji kama yule. Alisifu randa, alisifu ukoo, alisifu hata meno ya kijana.

"Raphaël, pumzika," Papa Léonard akamukata. "Mulete ile ndege, sisi wote tuione."

Ikawekwa mezani. Ikakalia mukia.

"Yoo, iko nataga!" shangazi ya Adelaïde akapiga kelele, na wamama wakaangukiana kwa kicheko.

"Kama anashindwa kusimamisha kandege," Papa Léonard akasema, "nyumba ya mutoto wangu ataisimamisha namna gani?"

Hapo hata mujomba Raphaël alikauka. Adelaïde alikuwa mulangoni, macho chini. Callixte akainuka. Akaichukua ndege yake, akatoka inje, akaiweka kwenye mutelemuko wa shamba la muzee, katikati ya mistari ya maharagi, pua ikiangalia bondeni.

Ikasimama sawa-sawa kama maji ndani ya bakuli.

Papa Léonard akatoka, akachuchumaa, akafunga jicho moja. Akaizunguka. Akaangalia shamba lake, akaangalia tena ndege.

"Unataka iruke toka hapa? Kwangu?"

Callixte akaitika kwa kichwa.

"Wenye ndege hawajapima hii milima hata siku moja," muzee akasema. "Huyu ameipima. Mumumiminie kasiksi ya ndizi."

Walifunga ndoa tarehe 20 Julai 1963. Mwaka uliofuata akarudi Kibabi kabisa. Mabanki wanayokalia wanafunzi wa masomo yetu, paa la nyumba ya Papa Léonard, kitanda cha kila bibi-arusi wa kilima hiki, ni mikono yake.

Septemba 1968 ini likamushika. Walimubeba kwa machela mpaka hospitali, na Papa Léonard, na uzee wake wote, alikatala kuachilia muti wa mbele. Callixte alitutoka tarehe 9 Novemba 1968, akiwa na miaka makumi tatu na mbili.

Kwetu mukwe hazikwi kwenye udongo wa baba ya muke wake. Lakini jana muzee alifika kwa Karangwa, akasimama mulangoni. "Nilimunyima Callixte binti yangu nusu ya siku," akasema, "na ile nusu ingali inanichoma. Udongo sitamunyima. Munipe nimulaze kwangu." Karangwa akamukubalia. Njo sababu muko munasimama ndani ya maharagi ya Papa Léonard, na hakuna anayewafukuza.

Anaacha muke wake Adelaïde, watoto wake Geneviève, Marcellin na mudogo Athanasie, wazazi wake wote wawili, dada yake Anne, mujomba mumoja ambaye leo maneno yanamupungukia, na baba wawili wanaomulilia sawa.

Callixte, lala na amani ya Mungu. Uko kwako.