Pembeni ya Jicho

"Rudi ukawakomalie madaktari, dada! Mimi walinipiga leza, sasa naona," mwashi alimwambia fundi cherehani aliyeketi naye kwenye basi la kutoka hospitali ya macho. Tangu apone, naye amekuwa daktari.

"Mshipa wako wa damu ulivuja pembeni mwa jicho, kaka. Wangu umevujia katikati kabisa; wakiupiga, hata hiki kidogo ninachoona kitaungua."

"Jaribu kwingine!"

Kwingine alikwishakwenda. Pindo za nguo alizimudu kwa kupapasa; alichokitamani ni uso wa mumewe. Akiutazama moja kwa moja, huona doa jeusi lenye masikio.

Basi likasimama. Mumewe alikuwa kituoni. Fundi cherehani akashuka, akaukazia macho ukuta wa duka kando yake, maana pembeni ndiko anakoonea, na tabasamu la mumewe likamjia lote.

"Mbona hunitazami, mke wangu?" mumewe akalalamika, kumbe ndiyo kwanza mkewe anamwona.