Dawa kwa Chai ya Rangi
Saruni: Haloo? Ni nani mwenzangu?

Nosim: Nosim, dada yako. Niko kazini, maabara. Sopa.

Saruni: Ipa. Subiri nipande kichuguu, mtandao wa huku Malambo— [mkwaruzo] —haya, sema.

Nosim: Baba anaendeleaje?

Saruni: Yupo.

Nosim: Yupo vipi? Homa imeshuka?

Saruni: Dawa ya malaria anameza. Asubuhi na jioni, nampa mwenyewe.

Nosim: Anamezea nini?

Saruni: Chai ya rangi. Si ulisema—

Nosim: Saruni, sikiliza—

Saruni: —Jumatatu nilipomleta Karatu, ulisema damu yake imejaa mafuta. Maziwa basi, nyama basi. Nimeficha hadi vibuyu!

Nosim: Nilikosea.

Saruni: Unasemaje?

Nosim: Nilikosea! Leo daktari kaniuliza, huyu mzee si alipimwa mafuta akiwa na malaria? Malaria yenyewe ndiyo inavuruga mafuta ya damu. Mabaya yanapanda, mazuri yanashuka. Mtu akipona, yanarudi sawa. Na ile dawa bila kitu cha mafuta haiingii vizuri mwilini.

Saruni: Kwa hiyo maziwa—

Nosim: Maziwa ndiyo yangeisaidia.

Saruni: [upepo] Dada, juzi aliniomba maziwa. Mzee mzima, ng'ombe ni wake! Mama akalia. Nikasema Nosim kasoma, tumsikilize.

Nosim: Mpe sasa hivi, mpe na—

Saruni: Tangu jana haombi.

Nosim: Haombi? Anakutambua?

Saruni: Ananiita kwa jina la babu.

Nosim: Mungu wangu, malaria imempanda kichwani. Basi usimnyweshe kitu, atapaliwa. Anahitaji sindano. Gari lipo?

Saruni: La jirani, Piusi. Kapakia mbuzi, anakwenda mnadani.

Nosim: Ashushe mbuzi! Mpelekeni kituo cha afya, sasa hivi, msingoje jua lipoe—

Saruni: Sawa, sawa. Na mama nimwambie nini?

Nosim: Mwambie ni mimi niliyemnyima baba maziwa.

Saruni: Mama anayekusifu kwa kila jirani? Mwambie mwenyewe.

Nosim: Nitamwambia. Nakuja, naomba ruhusa sasa hivi. Ila wewe kimbia, salio langu lina—

Saruni: Nosim? Haloo? [simu imekatika] Mama! Mama, mfunike baba shuka, tunaondoka!