Surua Aliyoletewa Raisa Khatib

Assalaam aleykum. Mashehe, wazee wetu, mama zetu na majirani wa hapa Sparkbrook mliotushika mkono tangu msiba ulipotufika, naitwa Ishaka Khatib, marehemu ndiye dada yangu aliyeniachia ziwa, nimetakiwa na familia nikusomeeni maisha yake kabla hitma haijafungwa, nami nitasoma yote, pamoja na lile neno nililoombwa jana nilifute.

Dada Raisa alizaliwa Mikunguni, Unguja, tarehe 3 Machi 1984, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, Khatib Mwinjuma, akasoma skuli huko huko mpaka kidato cha nne, hesabu zikimpiga chenga na cherehani ikimpenda. Mwaka 2006 alikuja hapa Birmingham, akaanza kwa kufagia katika duka la nguo la Bibi Jasvir pale Ladypool Road, na mwaka haujesha keshakaa kwenye cherehani, akiwashonea maharusi wa kila kabila, na bibi harusi akilalamika kuwa gauni limembana alijibiwa kwamba gauni halikula biriani.

Tarehe 18 Julai 2009 aliolewa na shemeji yangu Muzamil, wakakaa Bordesley Green, na Mungu akawajaalia mtoto mmoja, Shemsa, aliyezaliwa Septemba 2011, huyu hapa ubavuni mwa baba yake.

Mwaka 2019 figo za dada zilishindwa kazi, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine, hadi tarehe 9 Novemba 2022 alipopandikizwa figo niliyompa mimi, ambayo Jumatatu iliyopita nimeizika. Mwenye figo ya kupewa hunywa dawa za kuilaza kinga ya mwili, na kwa ajili ya dawa hizo haruhusiwi tena kuchanjwa surua, kwa hiyo kinga ya dada ilikuwa ni sisi, tuchanje watoto wetu, na mwenye homa asiende kwake. Alilisema hilo katika kila shughuli hadi mkamchoka, mkamwambia chanjo ina nguruwe, na alipokuonesheni kuwa ipo isiyo na nguruwe mkahamia jengine, kwamba mtoto atachelewa kusema, na watoto wenu hao wanapayuka Kiingereza mpaka tunaziba masikio.

Mwaka huu wifi yake, Bi Asmahan, dada yake Muzamil, alirudi na mwanawe Yasir kutoka likizo nje ya nchi, na kwa desturi yetu mtu akirudi safari huanza kwa mgonjwa, zawadi mkononi. Jumapili tarehe 27 Aprili wakaingia kwa dada, mtoto ana homa, macho mekundu, anakohoa, dada akaambiwa ni mafua aliyoyapata ndani ya ndege, naye akaona haya kumrudisha mgeni mlangoni. Siku ya tatu, wamesharudi kwao, Yasir akatoka vipele, na wakubwa wa nyumba ile wakasema surua haitajwi jina mpaka vipele vikauke, wakamfungia chumbani, wakanyamaza. Hospitali ilikuwa na sindano ya kumkinga dada lau wangelijua mapema, simu moja ilitosha, haikupigwa. Yasir alipona, alhamdulillahi, yuko nje anacheza mpira, na yeye hana kosa.

Tarehe 8 Mei dada alishikwa na homa, tarehe 11 akalazwa, ikamshuka mapafuni, na Jumamosi tarehe 24 Mei 2025, baada ya adhuhuri, akafariki dunia. Nimeombwa niseme kwamba aliugua kwa muda mfupi. Aliugua surua, maradhi ambayo chanjo yake hutolewa bure, barabara ya pili kutoka hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliomlea Shemsa siku zote za hospitali, na Bibi Jasvir aliyefunga duka akaja kukaa nasi matangani, na nyinyi mlioleta masufuria ya pilau nakushukuruni pia, ingawa mngelipeleka watoto kliniki tusingelikuwa na haja ya pilau.

Kabla hajalazwa usingizi na kuwekewa mashine ya kupumulia, dada aliniusia mambo mawili, kwamba siku ya hitma yake awepo nesi wa chanjo, na kwamba nisimtaje mtu. La kwanza nimelitimiza, nesi Simran yupo chumba cha pembeni, na ameleta ile isiyo na nguruwe. La pili limenishinda, kwa sababu kutotaja ndiko kulikomuua. Bi Asmahan, una mtoto wa pili mapajani ambaye mpaka leo hajachanjwa, nyanyuka wewe mwanzo, sote tunakutazama, pilau itasubiri.

Pumzika kwa amani, dada yangu, na unisamehe kwa hilo la pili.